Fisi, Nyoka na Mwewe: Mnyama Majeruhi Katika Fasihi Yetu na ya Wengine

Waliopitia vyuoni kwetu zamani kidogo watakikumbuka kisa cha Umm Amir. Hilo ni jina la heshima ambalo Waarabu humwita fisi. Siku moja ya joto kali wawindaji walimkimbiza fisi mpaka akaingia hemani mwa bedui mmoja. Mwenye hema akatoka na upanga mkononi, akaapa kwamba maadamu yeye yu hai hapana atakayemgusa kiumbe aliyeomba hifadhi kwake. Wawindaji wakenda zao. Bedui akamkamulia mgeni wake maziwa, akamtilia maji, na fisi akanywa hili na lile hata nguvu zikamrejea. Usiku, mwenyeji alipolala, fisi akamrukia akampasua tumbo, akanywa damu yake, akaondoka. Asubuhi akaja binamu yake marehemu, akaona yaliyotokea, akafuata nyayo, akamwua fisi, kisha akatunga beti za kuwaonya watu juu ya wema uliowekwa pasipo pahala pake. Methali ya huyo aliyemhifadhi Umm Amir imo katika mkusanyiko mkubwa wa methali wa al-Maydani, aliyefariki mwaka 1124, na kisa chenyewe anacho al-Damiri, aliyefariki mwaka 1405, katika kitabu chake cha maisha ya wanyama.

Ni kisa kilichosimuliwa vizuri mno, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kila kitu kimo: joto, kiapo, maziwa, usingizi, damu. Msikilizaji hapati nafasi ya kuuliza swali lililo wazi kuliko yote, nalo ni hili: fisi alifanya kosa gani? Fisi aliyetiwa nguvu katika chumba kimoja na nyama iliyolala amefanya yaliyo ya fisi. Aliyekosea hesabu ni bedui, na kosa lake halikuwa huruma. Lilikuwa ni kulala. Lakini shairi la binamu halizungumzii usingizi. Linazungumzia kutostahiki kwa fisi, kana kwamba mnyama alitia saini mkataba wa ugeni akauvunja. Hivyo ndivyo sheria ya hema, iliyo baina ya mtu na mtu, ilivyovishwa mnyama asiyeijua, kisha akahukumiwa kwayo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu naona kwamba fasihi yetu ya pwani, iliyorithi mengi kutoka upande ule, imerithi pia tabia hii ya kumtazama mnyama aliyeumia kama mtu aliyejificha ndani ya ngozi. Ana nyuso mbili tu. Akiwa mbaya ni fisi: atakula mkono uliomlisha. Akiwa mwema si mnyama kabisa, bali ni jini.

Huu uso wa pili tunao kwa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, Adili anamwokoa nyoka aliyekuwa akiandamwa na nyoka mwingine ili auawe. Nyoka aliyeokolewa ni Huria, binti wa majini, naye anakuja kumlipa Adili kwa kumtoa katika mauti ya baharini. Asili ya habari hiyo ni Alfu Lela Ulela, na Shaaban ameisimulia kwa Kiswahili ambacho mpaka leo sijakichoka. Ila tazama linalotokea kwa huruma ya Adili. Wakati anapomwokoa nyoka hajui kuwa ni jini, na tendo lake ni safi kwa sababu hiyo. Ukurasa unaofuata unalisafisha zaidi ya lilivyohitaji: nyoka anavua unyoka wake, anazungumza lugha fasaha, anashukuru. Msomaji anatoka hapo akiamini kwamba aliyefadhili hakufadhili nyoka. Je, angekuwa nyoka kweli? Kitabu hakina jibu, kwa kuwa kitabu hakikutaka swali.

Kuna kisa kimoja cha Unguja kilichothubutu kuligeuza jambo hili kichwa chini, nacho hakisomwi inavyostahili. Ni kisa cha Sultani Darai, alichokiandika Edward Steere kutoka vinywani mwa watu wa hapa na kukichapisha London mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa anasema, paa anatafuta almasi, paa anamwoza bwana wake binti wa sultani, paa anamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Kisha paa anaugua. Anamtuma mwanamke mzee aende kwa bwana akaseme kuwa hajiwezi, na bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama. Bibi mzee analia, mke wa bwana anaona haya, bwana anakumbusha bei: alimnunua kwa thumuni. Paa anafariki, anatupwa kisimani, na mwisho wa yote bwana anajikuta tena jaani, anachakura.

Naam, huyu paa naye anazungumza, kwa hiyo bado tumo katika nchi ya mafumbo. Lakini kipande cha maradhi kina ukweli ambao sijauona pengine katika ngano zetu. Mgonjwa amelala, hawezi tena kufanya hila wala kuleta almasi, na hapo ndipo anapokuwa mnyama kwa mara ya kwanza: mwili wenye homa, mbele ya mtu anayehesabu. Yule msimulizi wa Unguja, ambaye jina lake Steere angefaa kutuachia kwa herufi kubwa, alijua kwamba mtihani wa huruma hauji siku ya kuokoa. Siku ya kuokoa kuna kelele na watu wanatazama. Mtihani huja wiki ya tatu, wakati uji umeshapoa na kinyesi kinanuka.

Waliobaki ni washairi, na hapa sina budi niwe mkali kidogo. Katika ushairi wetu wa mapenzi ndege ana kazi moja. Njiwa ni mahabubu, tausi ni mahabubu, chiriku ni mahabubu mwenye maneno mengi. Mtunzi akisema njiwa wake amevunjika bawa, hapana msikilizaji hata mmoja barazani anayefikiria mfupa. Wote wanauliza ni binti wa nani. Nimesikiliza mashairi ya aina hiyo redioni na katika mashindano kwa zaidi ya miaka thelathini, na mengine yana vina vya kupendeza, lakini sikumbuki moja ambalo ndege alitoa harufu.

Sehemu ya lawama ni ya bahari tunayoipenda. Tarbia ina kituo, na kituo kikirudi kila ubeti kama kibwagizo hudai kusema neno la jumla. Ukimweka mnyama ndani ya ubeti wa namna hiyo, mishororo mitatu atakuwa mnyama, na wa nne atakuwa funzo. Ukifika ubeti wa kumi amekwisha kuwa funzo mara kumi, na damu imemkauka. Utenzi ni afadhali, kwa sababu utenzi hutembea na haulazimiki kusimama kuhukumu. Ndiyo maana Utenzi wa Ngamia na Paa, ambamo wanyama wawili wanamletea Mtume mashtaka yao, unaweza kutuweka karibu na paa aliyenaswa na anayewaza watoto wake wasionyonya. Pale mateso yamepewa nafasi ya kuenda hatua kwa hatua.

Nimekaa na maswali haya kwa sababu nimo katika kulifasiri shairi la Robinson Jeffers juu ya mwewe majeruhi, “Hurt Hawks”, lililotoka mwaka 1928 katika diwani yake Cawdor and Other Poems. Jeffers alizaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1962, mwaka ule ule aliofariki Shaaban Robert. Aliishi Carmel, pwani ya California, katika nyumba ya mawe, na kando yake alijenga kwa mikono yake mnara ambao aliuita wa mwewe. Sikusomea ushairi wa Kiingereza popote. Niliujia kwa kamusi na kwa subira, na pengine ndiyo sababu ninamsoma Jeffers kama jirani mwenye ghadhabu kuliko kama mwalimu.

Shairi lina sehemu mbili. Ya kwanza yatuonyesha ndege ambaye bawa limevunjika na linaburura, amesimama chini ya kichaka, akingoja. Hawezi kuruka wala kuwinda. Njaa itakuja, maumivu yameshakuja. Viumbe vidogo vinamchokoza mchana, navyo haviwezi kukishinda kichwa chake. Katika ya pili mshairi mwenyewe anaingia. Amemlisha ndege huyo kwa muda wa wiki sita. Mfupa umevunjika vibaya mno hauungi. Anamwachia huru, na ndege anazunguka zunguka juu ya kilima, kisha jioni anarejea, na mshairi anasema alirejea kuomba mauti, ila si kwa unyonge wa mwombaji. Mshairi anampiga risasi.

Ndugu msomaji ataona mara moja kwamba huyu si fisi wa bedui wala Huria wa Adili. Hakumla aliyemlisha. Hakushukuru. Hakugeuka kitu. Wiki sita za nyama hazikumfanya rafiki, wala shairi halijifanyi kuwa zilimfanya. Na huyo aliyemsaidia hakushinda. Hakuna mfupa uliounga, hakuna siku ya kumrusha angani watu wakapiga makofi. Wema wote uliotendwa katika shairi hili umeishia kwenye bunduki, na hata hivyo hausemwi kuwa ulikuwa bure. Kwa hilo Jeffers ameandika jambo ambalo visa vyetu viwili havikuwahi kuliandika: huruma isiyolipwa na isiyoadhibiwa.

Simsifu kwa kila neno. Sehemu ya pili inaanza kwa majivuno ya kwamba, lau si adhabu, uhai wa mtu ni rahisi kwake kuuondoa kuliko wa mwewe. Wapenzi wake hulinukuu hili kama ushujaa. Mimi naliona kama pozi la mtu ambaye hajapata kuona maiti za watu zikizolewa barabarani, na sisi wa visiwa hivi tumeziona. Zaidi ya hayo, linalidhoofisha shairi lenyewe. Kama mtu hana thamani, wiki sita za mtu huyo kuamka na kumkatia ndege nyama zina thamani gani? Tendo linaikanusha kauli, na tendo ndilo lenye nguvu.

Tena lipo shaka jingine. Jeffers anajuaje kuwa ndege alirejea kuomba kufa? Ndege aliyelishwa kwa mkono wiki sita hurejea jioni kwa sababu jioni ndiyo saa ya kulishwa. Wanaotunza wanyama wanaijua sana hatari hii: mnyama wa mwituni akizoea mkono wa mtu, mkono ule unakuwa kwake ndiyo pori. Huenda mwewe alikuja kuomba chakula, akapewa risasi. Shairi halilikubali wazo hilo, lakini limeliachia mlango wazi, na kila ninapofika pale kalamu husita. Ndipo ninapoona kwamba hata Jeffers, adui mkubwa wa kumvisha mnyama utu, amemvisha kidogo, katika nukta ambayo dhamiri yake ilihitaji nguo.

Tuondoke California. Hapa kwetu kisa kilichojulikana zaidi cha kumwokoa mnyama si cha vitabuni kwa asili yake. Mwezi Desemba 2004, mto Sabaki ulipofurika, viboko walisukumwa hadi baharini karibu na Malindi, na wimbi kuu la tsunami lilipopita mtoto mmoja wa kiboko alibaki peke yake mwambani. Umati ulijaa ufukweni. Walimnasa kwa nyavu za uvuvi baada ya saa nyingi za tabu, kiumbe wa kilo zipatazo 270, mwenye hofu na hasira, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Hakuweza kurudishwa mtoni, kwa kuwa viboko wengine wangemwona mvamizi wakamwua. Huko Bamburi alijibanza nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, wa jamaa ya hao wa Changuu, na picha za wawili hao zikaenea duniani. Mwaka 2006 kikatoka kitabu cha watoto, Owen & Mzee, kazi ya Isabella Hatkoff, Craig Hatkoff na Paula Kahumbu, kwa picha za Peter Greste.

Ni kitabu kizuri, na nina furaha kuwa kisa cha pwani yetu kimesomwa mbali. Lakini kinachobaki kichwani mwa mtoto akishakifunga ni ile picha ya kiboko aliyelaza kidevu juu ya mguu wa kobe. Isiyobaki ni habari iliyofuata: kiboko aliongezeka uzito, mchezo wake ukawa tishio kwa gamba la mzee wake, na mwaka 2007 akaletewa kiboko mwenziwe wa kike, hatimaye wakatenganishwa na kobe. Sioni huzuni katika utengano huo. Naona kazi iliyofanywa na watu wenye akili. Ningependa mtunzi wetu mmoja auandike utengano ule kwa uzito ule ule wa urafiki, kwa kuwa wale walinzi hawakulala kama bedui.

Nimesema mtihani ni wa wiki ya tatu. Niongeze kuwa kuna mtihani wa dakika ya kwanza, na huo washairi wanaweza kuuharibu kwa beti tamu. Paa aliyekimbizwa na kushikwa aweza kufa baada ya saa au siku chache bila ya jeraha, kwa misuli iliyoharibiwa na mbio na woga. Kumkumbatia na kumbembeleza ni kumzidishia. Kinda aliyeshuka chini na manyoya yake yameota aghalabu hajapotea, wazazi wake wamo matawini wanangoja tuondoke. Ndege akitiliwa maji mdomoni, maji huweza kuingia mapafuni, kwani tundu la pumzi lake liko nyuma tu ya ulimi. Kasa mwenye mshipi unaoning'inia mdomoni asivutwe mshipi huo, kwa sababu upande wa pili huenda umeshafika matumboni. Na popo, kima, paka wa mwituni au mbwa asiye na mwenyewe asishikwe kwa mkono mtupu hata awe anatia huruma kiasi gani. Kichaa cha mbwa, dalili zikishadhihiri, ni mauti. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ile ile. Nayaandika haya katika ukurasa wa ushairi makusudi. Ubeti mmoja unaomsifu mtoto aliyembeba popo kifuani unaweza kusomwa na mtoto.

Wapo wanaoifanya kazi hii bila ya beti. Watamu, kaskazini ya Mombasa, wavuvi wamekuwa tangu miaka ya mwisho ya 1990 wakitoa habari kasa anaponasa nyavuni, badala ya kumla au kumwacha afe. Anapimwa, majeruhi anatibiwa, mzima anarudishwa baharini, na mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake. Nimesikia watu wakiibeza fidia ile, eti wema ukilipwa si wema. Maneno hayo ni ya watu wasionunua nyavu. Kasa mmoja mkubwa aweza kuupasua wavu wa mwezi mzima wa riziki. Hapo hatari ya kumsaidia mnyama si meno bali ni sahani ya watoto, na hatari ya namna hiyo sijaikuta katika shairi lolote, si letu wala la Jeffers, ambaye nyama ya mwewe wake hakuambiwa mtu ilitoka mfuko gani.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mvuvi, nilimwuliza siku moja kama kasa aliyemfungua aliwahi kugeuka kumtazama. Alicheka. “Ami,” akaniambia, “kasa hajui kama mimi nimemfungua. Anajua bahari imerudi.” Sijapata kusikia uhakiki bora wa Adili na Nduguze.

Na katika hazina yetu wenyewe ipo hadithi iliyokwisha kusema hivyo, nayo kila mmoja aliisikia utotoni: ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakibana kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu. Tazama jinsi ilivyosimuliwa. Mbwa hazungumzi. Hageuki binti. Hatuambiwi alikwenda wapi. Malipo yanatoka kwa Mola wake mtu, wala mbwa hahusiki nayo. Na ile picha ya kiatu menoni, ambayo mtu asiyewahi kupanda kisima asingeibuni, ina uzito kuliko beti zote za binamu wa bedui. Washairi wetu wanaotafuta mfano wangeutafuta hapo kabla ya kwenda California, ingawa mimi nimekwenda na sijutii nauli.

Yamebaki mambo mawili ya tafsiri yangu, nayo nayaweka mbele ya wasomaji kwa kuwa yanahusu haya yote. La kwanza ni jina la ndege. Mwewe kwetu ni mwizi wa vifaranga. Mama akimtaja anaokota jiwe. Kipanga ni hivyo hivyo. Kozi ndiye mwenye hadhi, na wazee wamesema kozi akilala na njaa ni kupenda kwake, maneno ambayo yangemkaa ndege wa Jeffers barabara. Lakini ukimwita kozi umeshamtukuza kabla ya shairi kuanza, na Jeffers anataka tumwone chini ya kichaka kwanza. Nimebaki na mwewe. Nataka msomaji aanze na jiwe mkononi.

La pili ni sarufi. Kwa Kiingereza mnyama huweza kuitwa kwa neno la kitu, na mshairi anayemwita kwa neno la mtu amefanya uamuzi. Kiswahili hakikupi uamuzi huo: mwewe anasimama, mwewe anangoja, sawasawa na mimi na wewe, na huruma imo katika ngeli kabla ya mtunzi kufungua mdomo. Ila baada ya risasi Jeffers anabadilisha. Anaanza kusema kama mtu anayeelekeza vitu viwili, kimoja kilichoanguka, laini, na kingine kilichopanda juu kwa kishindo hata ndege wa mtoni wakaogopa. Wenzangu wawili walioipitia rasimu wamegawanyika. Mmoja ataka ki- pote pawili, kwa uaminifu. Wa pili ataka a- pote pawili, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kisemavyo. Mimi nimeandika “kilichopaa” kwa kile cha juu, kwani sijui ni nini, na kwa yule aliyelala majanini, ambaye alilishwa kwa mkono wiki sita, nimeandika “aliyeanguka”.